Dima ya sebuleni: waya mwekundu, wa njano na wa buluu. Nyutro ni upi?

#1 Mkazi wa Tabata

Habari za jioni wanajukwaa.

Sebuleni kwangu kuna swichi ya kuzungusha inayofifisha mwanga, ile ambayo mafundi wengi huiita dima, na imekuwepo tangu nyumba ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa miaka yote ilikuwa ikiongoza balbu 6 za zamani za wati 60 kila moja, na haikuwahi kunisumbua. Mwezi uliopita niliziondoa zote nikaweka balbu za LED za wati 7. Tangu siku hiyo taa zinapepesa kila jioni, swichi inavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, na bamba lake linapata joto.

Nimenunua dima mpya ambayo muuzaji amenihakikishia kuwa ni ya LED, na ningependa kuifunga mwenyewe. Jana nilifungua skrubu mbili nikalivuta bamba taratibu, nikakuta nyaya tatu: mwekundu, wa njano na wa buluu. Ninavyojua mimi, buluu ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme kutoka kwenye taa. Dima mpya nayo ina matundu matatu yaliyoandikwa COM, L1 na L2. Huo wa buluu niufunge wapi?

#2 Bisibisi

Pole kwa usumbufu, lakini jambo lako ni jepesi. Mwekundu ni laivu, yaani wenye umeme, kwa hiyo ufunge kwenye COM. Buluu ni nyutro, uufunge kwenye L2. Huo wa njano bila shaka ni ethi, waya wa usalama wa kwenda ardhini, ambayo rangi yake ya kijani imefifia kwa umri, uufunge kwenye boksi la chuma lililomo ukutani. Zima meni swichi kwanza, na baada ya dakika kumi utakuwa unakunywa chai.

#3 Mzee wa Ngamiani

Namwomba mleta mada asifunge chochote kwa kufuata jibu #2, kwa sababu hata hiyo chai huenda asiifikie.

Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani tangu 1981 hadi magoti yaliponikataza kupanda ngazi, na waya wa kebo wenye nyuzi nyekundu, njano na buluu naufahamu kama ninavyoufahamu mlango wa nyumba yangu. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao ndio tulioufuata, kebo hiyo ya nyuzi tatu ilitumika hasa kuunganisha swichi mbili zinazoongoza taa zilezile kutoka sehemu mbili. Rangi zote tatu katika kebo hiyo ni za laivu. Nyutro haimo kabisa ndani ya boksi hilo, kwa kuwa nyutro hupita juu ya dari kwenda moja kwa moja kwenye taa, na kinachoshuka ukutani kwenye swichi ni laivu inayokwenda na laivu inayorudi.

Katika mpangilio huo, waya wa njano na wa buluu hubeba umeme kwa zamu: swichi ya upande wa pili ikiwa imebonyezwa hivi, umeme upo kwenye wa njano, ikibonyezwa vile, umeme unahamia kwenye wa buluu. Sasa fikiria mtu ameufunga wa njano kwenye boksi la chuma kama ethi. Ikiwa boksi lina ethi ya kweli, breka itaruka, na huo ndio msiba mdogo. Ikiwa halina, na nyumba nyingi za umri huo boksi halina, basi boksi, skrubu mbili za bamba na pengine ukuta wenyewe ukiwa na unyevu vitakuwa na umeme kamili wa volti 230, na mtoto atakayegusa skrubu ndiye atakayekueleza.

Mleta mada, jibu hili kwanza: je, kuna swichi nyingine inayowasha taa hizohizo?

#4 Mkazi wa Tabata

Ahsante, mzee. Ipo, karibu na mlango wa korido ya kwenda jikoni. Ni swichi ya kawaida ya kubonyeza, na huwa tunawasha huku na kuzimia kule. Nakiri kwamba sikuwahi kufikiri kuwa hilo linahusiana na idadi ya nyaya.

#5 Bisibisi

Nakubali nilikosea kuhusu wa njano. Hata hivyo, kuhusu buluu sikutunga: nyumba yangu ya Kibaha imejengwa miaka michache tu iliyopita, na humo buluu ni nyutro, kahawia ni laivu, na kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Mzee anataka kutuambia kwamba mafundi wa siku hizi wote wamekosea?

#6 Mhamiaji wa Leicester

Hakuna aliyekosea. Rangi ndizo zilizohama.

Ninaishi Uingereza na nimesomea kazi hii hapa. Rangi mpya ziliruhusiwa kutumika kuanzia 31 Machi 2004, na tangu 1 Aprili 2006 kazi mpya zote zinapaswa kuzifuata. Kabla ya hapo mwekundu ulikuwa laivu na mweusi nyutro. Baada ya hapo kahawia ni laivu na buluu ni nyutro. Kwa kuwa Afrika Mashariki vifaa vingi hufuata viwango vya huku au vya bara la Ulaya, mabadiliko hayo yalifika na huko pia, madukani kabla ya vichwani.

Ugumu uko kwenye kebo ya nyuzi tatu. Ya zamani ni nyekundu, njano na buluu, na buluu humo ni laivu. Mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyeusi humo ni laivu. Kwa maneno mengine, rangi mbili zilizowahi kumaanisha nyutro, yaani nyeusi kwa wazee na buluu kwa vijana, kila moja inaweza kukutwa ndani ya boksi la swichi ikiwa na umeme kamili. Nimefungua ukuta mmoja hapa Leicester nikakuta mfumo wa zamani na mpya umeungwa kwenye konekta moja, na aliyeunga hakuacha hata kipande cha tepu cha kuashiria kipi ni kipi.

Hata pale ambapo boksi lina nyaya mbili tu, mwekundu na mweusi, ule mweusi si nyutro; ni laivu inayorudi kwenye taa. Fundi mwangalifu huuvisha tepu nyekundu kwenye ncha. Fundi mwenye haraka huuacha ulivyo.

#7 Kijana wa VETA

Shikamoo mzee wa Ngamiani, na salamu kwa wengine.

Ninaongeza utaratibu tuliofundishwa, kwa sababu mleta mada tayari amelivuta bamba na ninaogopa kwamba alilivuta umeme ukiwepo.

Dima usiihesabu kuwa imekata umeme hata ikizimwa. Nyingi huzima kwa kubonyeza kitufe, na ndani yake bado kunaweza kuwa na vijenzi vinavyopitisha mkondo mdogo. Kwa hiyo kuzima dima na kuona taa zimezimika si ushahidi wa usalama. Zima breka ya mzunguko wa taa kwenye kisanduku kikuu, kisha uzime na meni swichi kama huna uhakika breka ipi ni ipi. Uifunge kwa kufuli au ubandike karatasi, na umwambie kila aliyemo nyumbani, kwa sababu ajali nyingi tulizosimuliwa darasani zilisababishwa na mtu mwema aliyekuta nyumba ina giza akaenda kuirudishia umeme.

Kisha pima. Pima kwanza kipimo chenyewe mahali unapojua kuna umeme, halafu pima nyaya zako, kila mmoja dhidi ya mwenzake na dhidi ya ethi, halafu rudi tena pale penye umeme uhakikishe kipimo hakikufa katikati ya safari. Swichi ya pili ya mlangoni uibonyeze kwenye hali zote mbili wakati unapima, kwa sababu aliyoieleza mzee katika #3.

Kuhusu kufunga: kabla ya kulegeza chochote piga picha, kisha uzungushie tepu waya uliomo kwenye tundu la COM, yaani tundu la pamoja, la dima ya zamani. Huo ndio waya pekee usioruhusiwa kukosewa. Mingine miwili hata ikibadilishana nafasi, swichi zitafanya kazi vilevile. Usifuate nafasi ya tundu kwa macho: kwenye swichi ya kawaida COM mara nyingi hujitenga peke yake, lakini kwenye dima matundu yote matatu yanaweza kupangwa mstari mmoja, na kila mtengenezaji ana mpangilio wake.

#8 Mama wa Kisauni

Nashukuru kijana kwa kusema «kipimo» na hakusema «testa». Mimi si fundi, ni mwenye nyumba za kupangisha hapa Mombasa, na nimeona mengi.

Fundi mmoja alikuja kwangu kubadilisha swichi. Alipanda ngazi ya mbao iliyokauka, miguuni amevaa viatu vya mpira mzito, akagusa waya kwa ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. Haikuwaka. Akasema hapana umeme hapa, mama. Akaegemeza kiwiko kwenye bomba la chuma la kiyoyozi ili apate nafasi, akaushika waya. Tulimwokota chini. Alipona kwa kudra ya Mungu, na mkono wake ulitetemeka siku mbili.

#9 Mzee wa Ngamiani

Pole sana, Mama. Sababu ni hiyohiyo ya ngazi na viatu. Taa ya testa huwaka kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukijitenga na ardhi, testa inanyamaza ilhali umeme upo. Upande wa pili, testa huwaka hata kwenye waya usiounganishwa na chochote, mradi umelala sambamba na wenye umeme. Chombo kinachosema uongo pande zote mbili usikipe roho yako. Tumia kipimo cha ncha mbili.

Sisi zamani tulitumia balbu ndani ya holda yenye nyaya mbili.

#10 Kijana wa VETA

Kwa heshima zote, mzee, hiyo nayo tumekatazwa. Uzi wa balbu ukikatika ukiwa njiani, balbu haitawaka na utasema hakuna umeme.

#11 Mzee wa Ngamiani

Ndiyo maana nilisema «zamani».

#12 Msomaji Kimya

Huwa sichangii, lakini hapa kuna jambo limerukwa. Mleta mada, je, una inveta au jenereta?

Nyumbani kwangu breka ya taa inalishwa kutoka sehemu mbili. Nikizima meni swichi inayotoka kwenye mita ya LUKU, inveta inadhani TANESCO wamekata na ndani ya kupepesa jicho inawasha taa zote kwa betri. Yaani kitendo cha kuzima ndicho kinacholeta umeme kutoka upande mwingine. Fundi wangu wa kwanza aliligundua hilo kwa vidole.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu asisubiri umeme ukatike ndipo afanye kazi, wala asitegemee kwamba yuniti zimekwisha. Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi, na yuniti huingizwa na mke au mume aliyeko kazini kisha akakutumia namba za tokeni ukiwa hukuziomba.

#13 Mkazi wa Tabata

Inveta ninayo, ndugu, na taa za sebuleni zimo kwenye mstari wake. Nimelala usiku mmoja nikiifikiria ile jana ya kuvuta bamba. Ahsanteni.

Naomba sasa turudi kwenye kupepesa. Je, nikishafunga dima mpya, taa zitatulia?

#14 Jirani wa Mita

Zitatulia, na sababu ni hesabu rahisi. Dima za zamani huandikwa kiwango kwenye mgongo wake; soma yako, nadhani utakuta 60 hadi 400 wati au karibu na hapo. Mzigo wako wa zamani ulikuwa 6 mara 60, yaani wati 360, ndani ya kiwango. Mzigo wa sasa ni 6 mara 7, yaani wati 42, chini ya kiwango.

Kijenzi kinachofanya kazi humo kinaitwa trayaki. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara trayaki hujifunga, kisha husubiri kidogo na kujifungua tena. Urefu wa kusubiri ndio unaoamua mwanga. Lakini ili ibaki wazi baada ya kufunguka inahitaji mkondo wa kutosha kupita ndani yake. Wati 42 hazitoshi, kwa hiyo inafunguka na kujifunga ovyo, na jicho lako linaona kupepesa.

#15 Bisibisi

Nilidhani dima hupunguza volti kama bomba la maji linavyofungwa nusu, na kile kinachobaki hugeuka joto. Ndiyo maana bamba lake limepata moto.

#16 Jirani wa Mita

Hiyo ilikuwa kweli kwa dima za kale za kwenye majumba ya maonyesho, zilizokuwa na waya mrefu wa kuzuia mkondo. Dima za trayaki zinakata vipande vya wimbi, hazifungi bomba. Upotevu ndani ya trayaki ni takriban volti 1 hadi 1.5. Kwa wati 360 mkondo ulikuwa kama ampea 1.6, hivyo joto la trayaki halikuzidi wati 2 na nusu. Kwa wati 42 joto hilo linapaswa kuwa dogo zaidi, na hapo ndipo mimi mwenyewe ninapokwama: kwa nini bamba linapata joto sasa na si zamani?

#17 Mhamiaji wa Leicester

Kwa sababu wati 42 za LED si sawa na wati 42 za balbu za uzi, zile za zamani. Balbu ya LED ina kapasita, kijenzi cha kuhifadhi chaji, inayochaji kwa mshindo kila trayaki inapofunguka ghafla katikati ya wimbi. Mkondo wa wastani ni mdogo, lakini vilele vyake ni vikali, na vinapasha joto koili ya kuchuja iliyomo ndani ya dima. Mvumo unaousikia ni koili hiyo. Ndiyo maana huku tunahesabu dima ya aina hiyo kwa moja ya kumi: ikiandikwa wati 400, usiweke zaidi ya wati 40 za LED.

#18 Jirani wa Mita

Basi tazama ajabu hii. Kwa hesabu yangu mzigo wa mleta mada ni mdogo mno, na kwa hesabu yako wati 42 ni kubwa mno kwa dima hiyohiyo. Tumemwambia mgonjwa kwamba ana njaa na pia amevimbiwa.

#19 Mhamiaji wa Leicester

Yote mawili yanawezekana, na ndiyo maana dima ya zamani haifai hata kidogo kwa LED. Inayofaa ni ile inayotumia transista badala ya trayaki, ambayo hufungua pale wimbi linapoanzia sifuri na kukata mwishoni, ili kapasita isipigwe mshindo. Huanzia wati chache tu. Hata hivyo, kuna jambo la kwanza kabla ya yote: je, balbu zenyewe zinakubali kufifishwa? Boksi lake linapaswa kuwa na neno «dimmable» au alama ya swichi ya kuzungusha. Kama hakuna, badilisha dima kumi na bado zitapepesa, na baadhi zinaweza kuungua.

#20 Mama wa Kisauni

Mimi nasema ni koneksheni iliyolegea. Huku kwetu pwani, chumvi ya hewani inakula skrubu za ndani ya swichi hadi zinakuwa kijani. Mpangaji wangu alibadilisha balbu mara nne, kumbe waya umebaki umeshikwa na unyuzi mmoja. Bamba lilipata joto vivyo hivyo.

#21 Jirani wa Mita

Mama, kwa mkondo wa ampea 0.2, ni vigumu kiungo kilicholegea kutoa joto la kuhisiwa kwa mkono.

#22 Mama wa Kisauni

Wewe umepiga hesabu, mwanangu, na mimi nimenusa harufu ya plastiki. Alifungue aangalie.

#23 Mkazi wa Tabata

Nimesoma mgongo wa dima ya zamani, umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi, kwenye inveta na kwa kupima mara tatu kwa kipimo cha ncha mbili nilichokiazima: imeandikwa 60–400 W. Boksi la balbu lina neno alilolitaja Mhamiaji. Skrubu moja ililegea kidogo, lakini hakuna harufu wala weusi.

Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha nikafanya jaribio. Niliweka balbu moja ya zamani ya wati 60 kati ya zile sita. Kupepesa kumepungua sana, lakini kati ya saa moja na saa tatu usiku bado kupo.

#24 Jirani wa Mita

Kupungua kunathibitisha nilichosema katika #14. Wati 60 na 35 ni 95, mzigo umeingia ndani ya kiwango.

#25 Mchumi wa LUKU

Na kubaki kwake saa moja usiku kunathibitisha kingine. Mimi pia ninaishi upande huo wa jiji, na nimekuwa nikipima soketi yangu kwa udadisi: saa mbili usiku nimewahi kusoma volti 198, na usiku wa manane volti 231. Kila nyumba inapowasha jiko na pasi, volti inacheza, na dima hukuza mchezo huo kwa sababu muda wake wa kusubiri unategemea volti hiyohiyo.

Nina swali dogo la kando: nikififisha taa, yuniti zinapungua?

#26 Kijana wa VETA

Zinapungua, ingawa kwa balbu ya uzi mwanga hupungua haraka kuliko yuniti, kwa hiyo unalipia giza. Kwa LED upunguaji unakaribiana. Kwa balbu sita za wati 7, hata ukizizima kabisa hutanunua kitu cha maana kwa akiba hiyo.

#27 Bisibisi

Niongeze swali langu: dima iliyoondolewa naweza kuiweka kwenye feni ya dari? Kibaha kuna joto.

#28 Mzee wa Ngamiani

Hapana, bwana. Feni ni mota, na mota ikilishwa mawimbi yaliyokatwakatwa hunguruma, hupata joto na huungua koili. Nunua regyuleta ya feni, ile ya hatua yenye kapasita ndani. Na kinyume chake pia, usiweke regyuleta ya feni kwenye taa. Umeuliza vizuri safari hii.

#29 Msomaji Kimya

Kuhusu #25, mimi naona inveta. Mleta mada, kama inveta yako haitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi ngazi, dima yoyote itachanganyikiwa, kwa sababu haipati sifuri pale inapotarajia. Je, kupepesa huzidi mnapotumia betri?

#30 Mkazi wa Tabata

Kwenye betri taa huvuma zaidi lakini hazipepesi. Sijui nikupe alama au nikunyang'anye.

Kuna jambo jingine. Mdogo wangu amependekeza tuweke dima ya kuendeshwa kwa simu badala ya hii niliyonunua. Maelekezo yake yanataka nyutro, nayo mmesema haimo. Anasema tutaichukua kwenye soketi iliyo chini ya swichi.

#31 Mhamiaji wa Leicester

Tafadhali msifanye hivyo. Nyutro ya soketi ni ya breka nyingine. Siku fundi atakapozima breka ya soketi na kuifungua nyutro hiyo akiamini imekufa, umeme wa mzunguko wa taa utamfikia kupitia dima hiyo. Na kama kuna kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30 upande mmoja, kinaweza kuruka.

#32 Mzee wa Ngamiani

Wala msitumie ethi kama nyutro. Naandika kabla mdogo wako hajapendekeza. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kila taa yenye mwili wa chuma ilikuwa inatekenya vidole, kwa sababu mtu aliona ethi imekaa bure akaipa kazi, na ethi yenyewe ilikuwa imekatika kule chini kwenye fimbo.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni boksi. Dima ni nene kuliko swichi ya kawaida. Boksi la kina cha milimita 16 halitaitosha. Linahitajika la milimita 25 au zaidi. Ukilazimisha bamba kwa skrubu, nyaya zitabanwa nyuma na maganda yatapasuka taratibu. Kunja nyaya vizuri, kaza kila skrubu kisha uvute kila waya kwa vidole, na tumia skrubu zilezile za unene wa milimita 3.5 zilizokuwepo, maana ndefu zaidi huenda zikatoboa waya.

Kama baada ya yote haya moyo unasita, mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Si aibu.

#33 Mama wa Kisauni

Na kwetu Kenya leseni hutolewa na EPRA. Mwambie akuonyeshe, usiridhike na kofia.

#34 Mkazi wa Tabata

Narudisha majibu baada ya siku tisa. Moyo ulisita, kwa hiyo Jumamosi alikuja fundi mwenye leseni, nami nikasimama kando nikishika tochi. Alizima breka, akazima inveta na kuichomoa betri, akapima kama alivyoeleza kijana. Waya uliokuwa kwenye COM ulikuwa wa njano, wala si mwekundu kama sote tulivyodhani. Alitabasamu tu, akauzungushia tepu.

Dima mpya ni ya transista na huanzia wati 5. Kupepesa kumekwisha, hata saa mbili usiku. Bamba limepoa. Lakini sasa, tukizima kabisa, balbu mbili kati ya sita zinabaki na mwanga hafifu, kama macho ya paka. Mke wangu anasema tumelipa fundi atuletee taa ya kulalia.

#35 Jirani wa Mita

Ni mkondo mdogo unaovuja ndani ya dima, uliotajwa katika #7. Balbu za uzi zisingeuona.

#36 Mzee wa Ngamiani

Sikubaliani. Ana waya mrefu wa swichi mbili, waya wenye umeme umelala kando ya usio nao ndani ya kebo moja hadi mlango wa korido. Umeme unahama kidogo kupitia ganda, kama ule unaodanganya testa.

#37 Kijana wa VETA

Kuna uwezekano wa tatu ambao naomba usipuuzwe kwa sababu ni wa hatari: huenda aliyejenga alipitisha swichi kwenye nyutro, na holda zina laivu muda wote. Taa zikiwa zimezimwa, fundi apime kati ya kila ncha ya holda na ethi. Akipata volti 230 thabiti, ni hilo, na lirekebishwe kabla ya mtu kubadilisha balbu tena.

#38 Mkazi wa Tabata

Fundi amerudi akapima kwa multimita. Ncha moja sifuri, nyingine volti 74.

#39 Jirani wa Mita

Volti 74 ni dima inavuja. Imethibitika.

#40 Mzee wa Ngamiani

Volti 74 ni za kuhamia kupitia ganda. Multimita ya tarakimu husoma hata kivuli. Imethibitika.

#41 Kijana wa VETA

Angalau si nyutro. Ili kuwatenganisha wazee wangu wawili, aondoe dima kabisa kwa muda, aweke swichi ya kawaida aone kama macho ya paka yapo. Njia rahisi zaidi ya kuyaondoa ni kurudisha ile balbu moja ya wati 60, ingawa hiyo haitatueleza nani yuko sahihi.

#42 Mkazi wa Tabata

Balbu hiyo mwanangu aliidondosha juzi, na maduka matatu niliyopita hapa Tabata yananitazama kana kwamba nimeulizia taa ya chemli. Swichi ya kawaida nitaifunga fundi akipata nafasi wiki ijayo.

#43 Mama wa Kisauni

Ninazo nne kabatini. Lakini zipo Mombasa.